Nusu ya Wimbi Isiyoonekana

Simama Raskazone, Tanga, upige picha ya bahari. Picha itakuonyesha migongo ya mawimbi, mabonde yake, na umbali kutoka mgongo mmoja hadi mwingine. Kitu kimoja haitakuonyesha: mawimbi hayo yanaelekea kaskazini au kusini. Ili kulijua hilo unahitaji picha ya pili, iliyopigwa kitambo kidogo baada ya ile ya kwanza. Wimbi ni mambo mawili kwa pamoja: lilivyo sasa na linakoelekea. Ukiwa na moja tu, huna wimbi. Una umbo lake.

Namba changamano ndiyo njia ya mwanahisabati ya kubeba picha zote mbili kwa wakati mmoja. Sehemu yake halisi ni wimbi lilivyo sasa. Sehemu yake ya kufikirika ni wimbi lile lile likiwa robo ya mzunguko mbele au nyuma, kutegemea kanuni uliyoichagua. Namba hizi nilizisoma Kidato cha Sita, kama wanavyozisoma wote wa mchepuo wa PCM: tukatafuta kipeuo cha pili cha namba hasi, tukachora mchoro wa Argand, tukathibitisha kanuni ya De Moivre, tukafanya mtihani, tukafunga daftari. Nilikuja kuziona zikifanya kazi miaka kadhaa baadaye, Doornfontein, Johannesburg, na huko ndiko nilikojifunza kwamba kuzishughulikia ndani ya kompyuta kuna adabu yake. Adabu hiyo ndiyo ninayotaka kuiandika, kwa ajili ya vijana wetu wanaoanza sasa kuandika programu za mawimbi ya redio, ya sauti, ya matetemeko au ya chembe ndani ya atomu.

Doornfontein ni mtaa ulio mashariki ya kitovu cha jiji. Moja ya kampasi za Chuo Kikuu cha Johannesburg, inayofundisha uhandisi, iko hapo. Kabla ya vyuo kuunganishwa Januari 2005 ilikuwa ya Technikon Witwatersrand. Ukitoka kwenye majengo ya chuo ukashika mtaa wa Beit, uwanja wa Ellis Park hauko mbali, na ukiinua macho kaskazini magharibi unauona mnara wa mawasiliano wa Hillbrow, nguzo ya zege ya mita 269 iliyosimamishwa ili mawimbi ya redio yapite juu ya maghorofa. Ni mtaa wa wageni tangu zamani. Matajiri wa dhahabu walijenga humo kwanza, wakafuata Wayahudi waliotoka Lithuania, kisha Waafrika waliokuja mjini kutafuta kazi, na leo umejaa wanafunzi na wachuuzi kutoka kila upande wa bara. Kiswahili kilikuwepo kabla yangu, cha Bukavu na cha Lubumbashi, na katika maabara yetu kilizungumzwa na kaka mmoja kutoka Bukavu aliyekuwa akisomea udaktari wa falsafa. Yeye ndiye aliyenishika mkono.

Nilifika mwaka 2022 kwa ajili ya shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme. Msimamizi wangu alitaka kila mwanafunzi achague tatizo ambalo angelijali hata kama halina alama. Nikachagua bahari yetu: mawimbi ya redio yanayovuka mkondo kati ya Tanga na Pemba, kisiwa kilicho takriban kilomita 50 kutoka bara. Watu wa pwani wanajua kwamba kuna siku mawasiliano ya mbali hufika yakiwa na nguvu ya ajabu, na kuna siku hayafiki kabisa, ingawa mnara ni ule ule. Sababu kubwa iko hewani. Hewa iliyo karibu na maji ina unyevu mwingi, na unyevu huo unapopungua ghafla kadiri unavyopanda juu, wimbi hupinda kuelekea chini. Kipimo cha kupinda kwa wimbi hewani huzidi 1 kwa sehemu chache tu za elfu kumi. Lakini kikishuka kwa zaidi ya 157 kwa milioni katika kila kilomita moja ya kupanda, wimbi hupinda kuliko dunia yenyewe ilivyopinda, na hunaswa kati ya tabaka hilo na bahari. Likishanaswa, husafiri mbali kupita upeo wa macho.

Kulikuwa na sababu ya kulichunguza suala la pwani yetu mjini Johannesburg, ambako bahari haionekani na ardhi iko mita 1,700 na zaidi juu yake. Huko, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kilomita chache tu magharibi ya Doornfontein, Basil Schonland na wenzake wa Taasisi ya Bernard Price waliunda rada ya kwanza ya Afrika Kusini, na tarehe 16 Desemba 1939 wakapokea mwangwi wake wa kwanza kutoka upande wa Northcliff. Mwaka uliofuata rada iliyotokana na ile ilipelekwa Mambrui, kaskazini ya Malindi, kuangalia ndege za Waitalia. Mawimbi yaliyotengenezwa Johannesburg yalikuwa yameshapita juu ya Bahari ya Hindi, mbele ya vijiji vya Waswahili, miaka mingi kabla sijazaliwa. Niliposoma habari hiyo niliona kwamba kazi yangu haikuwa ngeni mahali pale.

Kuna habari nyingine ya Afrika Kusini iliyonigusa zaidi. Mwaka 1957 Trevor Wadley, mhandisi wa shirika la utafiti la CSIR, alitoa chombo kilichoitwa Tellurometer, kilichowawezesha wapima ardhi kupima makumi ya kilomita kwa redio, wakikosea kwa sentimita chache tu. Rada hutegemea kwanza muda wa mwangwi kwenda na kurudi. Chombo cha Wadley kilitegemea fezi, yaani wimbi limerudi likiwa limefika wapi katika mzunguko wake. Mafundi wetu wanaposema umeme wa fezi tatu wanazungumzia kitu hicho hicho: mikondo mitatu yenye nguvu sawa, inayopishana kwa theluthi ya mzunguko. Fezi haionekani ukitazama ukubwa wa wimbi peke yake, lakini ndiyo iliyobeba umbali wote. Katika kompyuta, fezi hukaa ndani ya uhusiano wa sehemu mbili za namba changamano. Ukiipoteza moja, umbali umepotea pamoja nayo.

Sasa hesabu yenyewe. Nilichukua wimbi la megahezi 900, ambalo urefu wake ni sentimita 33 hivi. Katika kilomita 50 wimbi hilo hujirudia mara 150,000. Njia ya moja kwa moja ya kutatua mlinganyo wa wimbi ni kugawa anga kuwa gridi yenye nukta kumi kwa kila urefu wa wimbi. Kwa anga la kilomita 50 kwa mita 300 kwenda juu, hizo ni nukta milioni 1.5 kwa upande mmoja na 9,000 kwa upande mwingine: bilioni 13.5 kwa jumla. Namba changamano moja ya usahihi maradufu huchukua baiti 16, nusu ya sehemu halisi na nusu ya sehemu ya kufikirika. Zizidishe, unapata gigabaiti 216 kwa kuhifadhi wimbi mara moja tu, kabla hujafanya kazi yoyote. Kompyuta yangu mpakato haikuwa na hata sehemu ya kumi ya kumbukumbu hiyo.

Njia ya kutokea waliionyesha Wasovieti wawili, Leontovich na Fock, mwaka 1946. Waliona kwamba mzunguko wa haraka wa wimbi tunaujua tayari: ni e^(ikx), unaojirudia vile vile kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari. Kisichojulikana ni mabadiliko ya polepole yaliyopanda juu ya mzunguko huo. Basi gawanya wimbi kwa e^(ikx), baki na yale ya polepole, uyaite u. Kwa kuwa u hubadilika taratibu, unaweza kupiga hatua za mita 50 mahali ambapo njia ya moja kwa moja ingekudai sentimita 3. Nukta milioni 1.5 za upande wa mbele zinakuwa hatua 1,000.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini namba changamano haiepukiki katika kazi hii. Namba halisi haina namna safi ya kuondolewa mzunguko. Ukigawa kosaini kwa kosaini utakutana na sifuri kila nusu ya mzunguko, na kuchelewa kokote kwa wimbi hakutakuwa na mahali pa kuandikwa. Namba changamano huzunguka bila kupita sifurini, na kuchelewa kwake huonekana kama pembe. Charles Proteus Steinmetz aliwaonyesha wahandisi wa umeme jambo hili mwaka 1893, alipoufanya mkondo geu uhesabike kwa aljebra ya kawaida. Umeme wa majumbani mwetu umehesabiwa hivyo tangu hapo.

Mlinganyo unaobaki baada ya kuondoa mzunguko ni mfupi: badiliko la u kwa kila hatua ya mbele ni sawa na i mara mpindo wa u kwenda juu, pamoja na mchango wa hewa. Ni ndugu wa mlinganyo ambao Erwin Schrödinger aliuandika mwaka 1926 kwa ajili ya elektroni, na anayejua kuutatua mmoja anaweza kuutatua mwingine. Ukiifuta ile i unabaki na mlinganyo wa joto: joto husambaa, hupoa, husahau lilikotoka. Ukiirudisha, unapata wimbi: hutawanyika, hukutana, huongezeka mahali fulani na kufutana mahali pengine, na halisahau kitu. Herufi moja inatenganisha kinachofifia na kinachodumu. Kwa hiyo ukishughulika na mlinganyo kama huu, usiione i kama pambo la mwandishi. Ndiyo fizikia yenyewe.

Kaka wa Bukavu alikuwa na mazoea ya kufundisha kwa kuharibu makusudi. Kabla sijaandika programu kubwa aliniwekea zoezi dogo ubaoni. Chukua wimbi moja tu, ambalo kila hatua linapaswa kuzunguka kwa pembe ya radiani 0.1 bila kubadilika ukubwa. Lipeleke hatua 1,000 kwa njia nne tofauti, utazame linafika likiwa na hali gani.

Njia ya kwanza ndiyo inayomjia kila mtu: thamani mpya ni ya zamani kujumlisha badiliko lake. Kila hatua unazidisha kwa 1 + 0.1i. Ukubwa wa namba hiyo ni kipeuo cha pili cha 1.01, yaani 1.005 hivi. Ziada ya nusu asilimia inaonekana si kitu. Lakini baada ya hatua 1,000 wimbi limekua mara 145. Kupunguza hatua kunachelewesha tu. Ukubwa wa 1 + ia, hata a iwe ndogo namna gani, daima unazidi 1. Njia ya pili ni kinyume chake, kuhesabu badiliko kwa thamani ya mbele, na wimbi hupungua mara 145.

Njia ya tatu ni ya John Crank na Phyllis Nicolson, waliyoichapisha mwaka 1947 kwa ajili ya joto. Inachukua wastani wa badiliko la sasa na la mbele, na kwa wimbi letu inageuka kuwa kuzidisha kwa (1 + 0.05i) gawanya kwa (1 − 0.05i). Juu na chini ni namba zenye ukubwa mmoja. Kilicho tofauti ni alama ya sehemu ya kufikirika tu. Mgawanyo wao una ukubwa wa 1 kamili, hatua ya kwanza na hatua ya elfu. Wawili hawa walikuwa wanapambana na joto, lakini njia yao inalifaa wimbi kana kwamba iliundwa kwa ajili yake, na mimi hulitaja jina la Phyllis Nicolson kila ninapofundisha, ili wasichana darasani walisikie.

Hata hivyo kaka hakuniacha nifurahi mapema. Aliniambia nipime pembe pia. Baada ya hatua 1,000 wimbi lilipaswa kuwa limezunguka radiani 100. Kwa njia ya Crank na Nicolson limezunguka 99.917. Tofauti ni takriban digrii 5. Ukubwa umelindwa kikamilifu, lakini fezi imeteleza, na utelezi huo ukiachwa katika kilomita nyingi unahamisha mahali ambapo mawimbi mawili yanakutana na kufutana. Mtu anayepima nguvu peke yake ataridhika na matokeo yasiyo sahihi. Tangu hapo sikubali jaribio la programu ya mawimbi lisilopima vyote viwili.

Njia ya nne ndiyo iliyonikaa zaidi. Alinielekeza nizungushe wimbi kwa usahihi kabisa, lakini mwisho wa kila hatua nibakize sehemu halisi na kuitupa nyingine. Wimbi halikulipuka. Halikutoa namba za ajabu. Lilipungua taratibu, kwa ulaini, na baada ya hatua 1,000 lilikuwa limebaki chini ya asilimia moja ya ukubwa wake wa mwanzo.

“Dada, ungeona mchoro huu bila kujua nilichokufanyisha, ungesema nini?” akaniuliza.

“Ningesema hewa imelifyonza, kaka.”

“Ungeandika ivyo mu tasnifu yako, na watu wangekubali. Ile nusu ingine usiitupe mpaka mwisho.”

Maneno hayo ndiyo kiini cha yote niliyojifunza. Kosa linalolipuka hujitangaza. Kosa linalofanana na maumbile hupita mbele ya macho ya wengi, likachapishwa, likategemewa. Na si nadra kompyuta kuliruhusu kosa hili. Katika Python, ukiweka safu ya namba changamano ndani ya safu iliyoandaliwa kupokea namba halisi, maktaba ya hesabu hutoa onyo la mstari mmoja, hutupa sehemu ya kufikirika, na kuendelea na kazi. Ndiyo maana kanuni yangu ya kwanza ni kutangaza aina ya kila safu tangu inapoundwa, na ya pili ni kuliamuru onyo hilo lisimamishe programu papo hapo.

Wapo wanaotumia lugha au vifaa visivyozijua namba changamano. Fortran ilizipokea tangu miaka ya 1960, lakini lugha ya C ilisubiri hadi kanuni zake za mwaka 1999. Njia ya watu hao ni kuzitenganisha sehemu mbili kuwa safu mbili za namba halisi. Ukifanya hivyo unagundua jambo la kupendeza: badiliko la sehemu halisi linatokana na sehemu ya kufikirika, na badiliko la sehemu ya kufikirika linatokana na halisi, kwa alama iliyogeuzwa. Kila moja inamlisha mwenzake. Visscher alionyesha mwaka 1991 kwamba ukizipanga zipishane kwa nusu hatua, moja ikihesabiwa kwenye nukta za muda na nyingine katikati yake, unapata njia nyepesi na thabiti, mradi hatua isizidi kikomo fulani. Sehemu ya kufikirika haina ufikirika wowote hapo. Ni mshirika kamili wa kazi.

Shida iliyonichukua muda mrefu zaidi ilikuwa ya alama. Wahandisi wa umeme, wanaoandika j badala ya i, huandika muda kama e^(jωt), na wimbi linaloondoka kwenda mbele kwao ni e^(−jkx). Wanafizikia wengi huandika muda kama e^(−iωt), na wimbi lile lile kwao ni e^(ikx). Kila upande uko sahihi ndani ya nyumba yake. Tatizo huja mtu anapochukua mlinganyo kutoka kitabu cha huku na kipimo cha maji ya bahari kutoka jedwali la kule.

Chukua bahari yenyewe. Maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo hufyonza sehemu ya nguvu ya wimbi, na mwitikio wake huandikwa kwa namba changamano. Kwa megahezi 900 na upitishaji wa simensi 4 kwa mita, namba hiyo inakaribia 75 na sehemu ya kufikirika ya 80. Mhandisi ataandika 75 − 80j. Mwanafizikia ataandika 75 + 80i. Ukiingiza ya mmoja katika mlinganyo wa mwingine, bahari yako itazalisha nguvu mahali ilipopaswa kuifyonza. Kwa tabaka jembamba la maji badiliko linaweza kuwa dogo kiasi cha kupita bila kuonwa, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kipeuo cha pili nacho kina mtego wake. Baadhi ya sehemu za wimbi hazisafiri. Hufifia tu karibu na chanzo, na kwa hizo unalazimika kuchukua kipeuo cha pili cha namba hasi. Kipeuo kiko cha namna mbili, na kompyuta itakuchagulia kimoja. Ukiiuliza kipeuo cha −4 itakupa 2i. Kwa kanuni ya wanafizikia hiyo ni sawa: e^(ikx) inakuwa e^(−2x), inafifia. Kwa kanuni ya wahandisi, jibu lile lile linaifanya e^(−jkx) kuwa e^(2x), inayokua bila kikomo. Na sehemu ya kufikirika ikiwa sifuri yenye alama hasi, jambo linalowezekana kabisa katika namba za kompyuta, jibu linageuka kuwa −2i. Kompyuta inafuata kanuni ya hisabati. Haijui wimbi lako linatoka wapi kwenda wapi. Anayejua ni wewe, na lazima uiandikie chaguo lako kwa mkono: chukua kipeuo kinachofifia. Juu kabisa ya kila faili la programu yangu, kabla ya mstari wa kwanza wa hesabu, kuna sentensi moja inayosema ni alama gani ya muda imetumika humo.

Kisha kuna suala la nguvu, ambalo mafundi wanalijua kwa jina la kipengele cha nguvu kwenye mita za viwanda. Kanuni ya kuchukua sehemu halisi mwishoni hufanya kazi kwa kujumlisha, kwa kuzidisha kwa namba ya kawaida, na kwa mabadiliko ya muda na mahali. Haifanyi kazi unapozidisha wimbi kwa wimbi. Tuseme volteji ina kimo cha 10 na fezi ya digrii 30, na mkondo una kimo cha 2 na fezi ya digrii 30 hasi. Ukizizidisha hivyo hivyo na kuchukua nusu ya sehemu halisi utapata wati 10. Jibu la kweli ni wati 5, kwa sababu la msingi ni tofauti ya fezi, digrii 60, na jumla yake haina maana yoyote. Ili kuipata tofauti hiyo unamgeuza mmoja alama ya sehemu yake ya kufikirika kabla ya kuzidisha. Vivyo hivyo, nguvu ya wimbi u mahali fulani ni u mara mwenza wake aliyegeuzwa, kamwe si u mara u. Kompyuta itakupa u mara u bila kulalamika.

Miaka ile Johannesburg ilikuwa na mgao mkali wa umeme, hasa 2022 na 2023. Hesabu iliyoanza asubuhi ingeweza kukatwa kabla ya adhuhuri, kwa hiyo kila mtu maabarani alihifadhi kazi yake njiani ili aendelee ilipoishia. Michoro tuliyowaonyesha wasimamizi ilikuwa ya ukubwa wa wimbi tu, kwa sababu hiyo ndiyo inayosomeka. Lakini ukihifadhi ukubwa peke yake huwezi kuendelea kutoka hapo. Umehifadhi umbo, mwelekeo umeuacha. Faili la kuendelezea kazi lilibidi libebe sehemu zote mbili, kwa usahihi wake wote. Kilichotosha kumwonyesha mtu hakikutosha kuiendeleza kazi. Na hilo, naona, ni kweli kwa mambo mengi zaidi ya mawimbi.

Nimekuwa nikilifikiria hilo tangu niliporudi nyumbani kufundisha. Tunapenda matokeo yanayosomeka haraka: alama ya mtihani, jedwali, mchoro wa rangi. Tunayaandika, na tunaacha kuandika yale yanayoeleza yalikotoka na yanakoelekea: kanuni iliyotumika, alama iliyochaguliwa, hatua ilikuwa ya ukubwa gani. Anayekuja baada yetu anarithi umbo na kulazimika kuanza upya. Maabara niliyosoma iliendelea kwa sababu waliotangulia waliacha sehemu zote mbili, na kaka wa Bukavu alikuwa mmoja wao.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu wa Hisabati ya Juu, kutoka Tanga hadi Kigoma. Namba changamano zimo katika masomo ya Kidato cha Sita tayari. Hatuhitaji kuongeza mada. Tunahitaji kuzipa kazi. Zoezi la njia nne halizidi mistari ishirini ya programu, na linaendeshwa na kompyuta yoyote iliyo shuleni, hata ya zamani. Mwambie mwanafunzi aanze na 1, azidishe mara 1,000 kwa 1 + 0.1i, kisha kwa 1 gawanya kwa (1 − 0.1i), kisha kwa mgawanyo wa Crank na Nicolson, kisha azungushe kwa usahihi na kutupa sehemu ya kufikirika kila mara. Aandike ukubwa na pembe ya kila jibu. Mara 145, sehemu moja ya 145, moja kamili yenye pembe iliyoteleza, na wimbi lililokufa kimya kimya: kwa namba hizo nne atakuwa ameshika sababu ya programu za mawimbi kufaulu au kuanguka, na atakuwa ameishika kwa mkono wake mwenyewe, akiwa bado na sare ya shule.